Usivuke Bahari Bila Jina la Kijiji: Mwongozo Kamili wa Kufuatilia Ukoo wa Kanada Hadi Uskoti na Ayalandi

Ukiiuliza familia ya Kanada yenye jina la MacDonald au Murphy asili yake ni wapi, jibu huja upesi: Uskoti, au Ayalandi wakati wa njaa kuu ya miaka ya 1840. Huenda ni kweli, lakini kwa mtafuta ukoo jibu hilo halifungui mlango wowote. Ayalandi ina kaunti 32 na vitongoji zaidi ya 60,000. Uskoti ya zamani ilikuwa na parokia zinazokaribia 900, kila moja na daftari lake la ubatizo na ndoa. Madaftari hayo yamepangwa kwa mahali, na asiye na jina la mahali hana pa kushika.

Kwa hiyo kanuni inayobeba kazi nzima ni hii: usivuke bahari kabla ya kupata jina la parokia au la kitongoji. Miezi utakayotumia kwenye nyaraka za Kanada si ya kupoteza, kwani ndiko jina hilo lilikofichwa.

Mwongozo huu ni kwa anayefanya kazi hii akifikiri kwa Kiswahili: aliyeoa au kuolewa kwenye ukoo wa namna hiyo, mzazi ambaye watoto wake wana babu wa upande huo, au kijana aliyeombwa na wakwe awasaidie kwa kuwa anaijua kompyuta.

Anza na walio hai

Panda ngazi moja moja kutoka chini: mtoto, mzazi, babu, baba wa babu. Kosa linaloharibu kazi nyingi ni kurukia juu moja kwa moja. Mtu anasikia kwamba mhenga aliitwa James Campbell, anakuta James Campbell aliyezaliwa Argyll mwaka 1820, anamchukua na kumweka juu ya mti. Argyll ndiyo nyumbani kwa akina Campbell, na akina James Campbell wa rika hilo walikuwa wengi mno. Kuanzia hapo kila jina analoongeza ni la ukoo wa watu wengine.

Kaa na wazee ukiwa na picha mkononi, si orodha ya maswali peke yake. Picha huamsha kumbukumbu ambayo swali haliifikii. Uliza majina ya wake kabla ya kuolewa, kanisa walilosali, makaburi walikozikwa, nani alikuwa akipokea barua kutoka ng'ambo, ni ndugu gani waliendelea mbele hadi Marekani. Kisha omba kuona Biblia ya familia, kadi za misa za kuwaombea marehemu, hati za shamba, bahasha zenye muhuri wa posta, medali za vita, na mgongo wa picha za zamani. Wapiga picha walichapa jina la studio na mji hapo nyuma.

Tengeneza jedwali la safu tano: jina kamili, tukio, tarehe, mahali, chanzo. Kila dai lipate mstari wake. Vyanzo viwili vikipingana, andika yote mawili wala usichague bado. Wanawake waandike kwa jina la kwao, si la mume. Pembeni weka daftari la upekuzi: ulitafuta wapi, miaka gani, kwa tahajia zipi, hata pale ambapo hukupata kitu. Bila hilo utajikuta baada ya miezi sita unafungua rejesta ileile kwa mara ya tatu.

Sensa za Kanada, kutoka mpya kurudi za zamani

Maktaba na Nyaraka ya Kanada, yenye makao Ottawa, inaonyesha sensa bure mtandaoni. Kila moja hufunguliwa baada ya miaka 92, ndiyo maana ya 1931 ilitoka Juni 2023. Anza na hiyo ya 1931, urudi 1921, 1911, 1901, 1891, 1881, 1871, kisha 1861 na 1851. Majimbo ya nyanda za magharibi yana za ziada za 1906, 1916 na 1926. Kabla ya 1851 nyingi hutaja mkuu wa kaya tu, na walio chini yake ni idadi bila majina.

Kila sensa ina jambo lake. Ya 1901 inatoa tarehe ya kuzaliwa na mwaka wa kuingia Kanada. Ya 1891 inataja walikozaliwa baba na mama wa kila mtu. Ya 1851 kwa hakika ilihesabiwa Januari 1852, na yenyewe pamoja na ya 1861 ziliandika umri ambao mtu *angefikisha* siku yake ya kuzaliwa ijayo. Mtu wa 30 kwenye kurasa hizo ni wa 29. Wengi hawaijui sheria hiyo, wakaona umri haulingani, wakamtupa babu yao halisi.

Soma kwa makini safu ya asili, ambayo ni tofauti na safu ya mahali pa kuzaliwa. Ukikuta mtu amezaliwa Ayalandi, asili yake imeandikwa Mskoti, na dini yake ni Presbiteri, basi karibu hakika unatazama watu wa Ulster: Waskoti waliohamia kaskazini mwa Ayalandi katika karne ya 17, na wazao wao wakahamia Kanada katika karne ya 19. Familia kama hiyo hujiita ya Kiskoti hadi leo, na watu hupoteza miaka wakiitafuta Glasgow ilhali rejesta zake ziko Antrim, Down au Londonderry.

Fungua picha ya ukurasa wenyewe, usiridhike na faharasa iliyonakiliwa. Jina lisipopatikana, acha sehemu ya jina la ukoo tupu, utafute kwa jina la kwanza, umri na wilaya. Na kila unapoipata kaya yako, nakili pia kaya kumi za juu yake na kumi za chini yake. Tutazihitaji.

Vyeti na rejesta: kila jimbo na tarehe yake

Ontario ilianza kuandikisha vizazi, ndoa na vifo tarehe 1 Julai 1869. Cheti cha ndoa cha Ontario ndicho cha thamani, kwa sababu kinataja wazazi wa pande zote mbili, mara nyingi pamoja na jina la kwao la mama. Rejesta za ndoa za kaunti za 1858 hadi 1869 pia zinawataja wazazi. Vyeti vya vifo vya miongo ya mwanzo havitaji wazazi, kwa hiyo usivitegemee kwa kazi hiyo.

Nova Scotia iliandika vizazi na vifo kuanzia 1864 hadi 1877, ikaacha, ikarudi tena 1908. Ndoa hazikukatika. Pengo hilo la miaka 31 huwachanganya wengi. Lizibe kwa rejesta za makanisa. New Brunswick ilianza 1888, Kisiwa cha Prince Edward 1906. Newfoundland ilijiunga na Kanada mwaka 1949 tu, hivyo nyaraka zake ziko peke yake, katika kituo cha The Rooms mjini St. John's, na hazimo kwenye sensa za Kanada tulizozitaja.

Quebec ni hazina. Makanisa yalitunza rejesta nakala mbili, moja ya kanisa na moja ya serikali, kwa hiyo nyingi zimepona. Mwanamke huandikwa kwa jina la kwao tangu ubatizo hadi maziko. Na ndoa ya Mkatoliki wa Ayalandi iliyofungwa mjini Quebec au Montreal mara nyingi hutaja wazazi wa bwana na bibi harusi pamoja na parokia na kaunti walikotoka. Hata kama ukoo wako uliishi Ontario, angalia kama kuna kaka au dada aliyefunga ndoa njiani. Makasisi wengi waliandika Kifaransa, hivyo James anakuwa Jacques na John anakuwa Jean, na majina ya vijiji yameandikwa jinsi sikio la Mfaransa lilivyoyasikia. Yasome kwa sauti.

Jina la kijiji limefichwa wapi

Hapa ndipo utafiti hufa au hupona. Twende kwa mpangilio wa uwezekano wa kufanikiwa.

Jiwe la kaburi ni la kwanza. Walowezi wa kizazi cha kwanza, hasa Waayalandi wa miaka ya 1830 hadi 1880, walipenda kuchonga kwamba marehemu ni mzaliwa wa parokia fulani, kaunti fulani. Usitazame jiwe la babu peke yake, tazama la kila ndugu na shemeji katika makaburi yale. Tovuti za picha za makaburi ni mwanzo mzuri, ila maandishi yaliyofifia husomeka vizuri zaidi asubuhi au jioni jua likiwa chini upande. Usisugue jiwe wala kulipaka unga au povu. Jiwe la chokaa la miaka 150 linamomonyoka.

Pili ni tanzia kwenye magazeti ya mji na ya kanisa. Mzee aliyekufa 1895 aweza kupata aya nzima: alizaliwa wapi, alikuja na nani, ndugu zake wako wapi.

Tatu ni maombi ya ardhi. Aliyetaka kiwanja cha serikali katika Kanada ya Juu, yaani kusini mwa Ontario ya leo, aliandika ombi akijieleza, na maombi hayo yapo Ottawa yamepigwa picha. Huko magharibi, sheria ya ardhi ya 1872 iligawa mashamba ya ekari 160, na kila shamba lina jalada lake.

Nne ni askari. Faili za Wakanada waliopigana Vita vya Kwanza vya Dunia ziko mtandaoni bure, na hutaja mahali pa kuzaliwa na ndugu wa karibu. Kwa askari wa jeshi la Uingereza waliostaafu na kupewa ardhi, kama wale waliowekwa Perth, Ontario, mwaka 1816, karatasi za kuachishwa jeshi zilizoko kwenye Nyaraka za Taifa za Uingereza, Kew, London, hutaja parokia ya kuzaliwa.

Tano ni matangazo ya kutafutana. Gazeti la Boston Pilot lilichapisha kuanzia 1831 hadi 1921 matangazo ya Waayalandi waliopoteana na ndugu zao, na mengi yanahusu watu waliofikia Quebec au Saint John, New Brunswick. Tangazo moja hutaja kijiji, mwaka wa safari, na mara nyingine hata jina la meli.

Na kuna mahali pa kutokupoteza muda. Miongozo iliyoandikwa kwa ajili ya Marekani husema tafuta faili za uraia. Kwa Kanada usizitafute: Mskoti na Mwayalandi walikuwa tayari raia wa dola la Uingereza, hawakuhitaji kuapishwa upya.

Kama vyote hivyo vimenyamaza, rudi kwa zile kaya ishirini za jirani. Watu hawakuhama mmoja mmoja. Walikuja kwa makundi, wakalima bega kwa bega, wakashuhudiana ndoa na kusimamiana ubatizo. Orodhesha mashahidi wote wa ndoa na wasimamizi wote wa ubatizo wa familia, kisha mchague mwenye jina adimu kuliko wote. Murphy hutamweza, lakini jirani yake aliyeshuhudia harusi na mwenye jina linalopatikana katika kona moja tu ya Ayalandi atakupeleka kwenye kona hiyo.

Baadhi ya makundi yanajulikana vizuri. Glengarry, Ontario, ilijaa Wakatoliki wa nyanda za juu za Uskoti, hasa Knoydart na Glengarry ya kwao, tangu miaka ya 1780. Pictou, Nova Scotia, ilipokea meli Hector mwaka 1773 ikitokea Loch Broom. Cape Breton ina Wakatoliki wa visiwa vya Barra na South Uist, na Wapresbiteri wa Lewis, Harris na North Uist. Belfast ya Kisiwa cha Prince Edward ilianzishwa 1803 na watu ambao wengi wao walitoka Skye chini ya Lord Selkirk, ambaye baadaye aliwapeleka watu wa Kildonan, Sutherland, hadi Mto Red, Manitoba. Eneo la Peterborough, Ontario, lilipokea mwaka 1825 watu wapatao 2,000 kutoka kaskazini mwa Cork chini ya Peter Robinson, na orodha za meli zao zimehifadhiwa. Waayalandi wa Newfoundland walitoka zaidi kusini mashariki: Waterford, Wexford, Kilkenny, Tipperary na Cork. Ukoo wako ukiwa katika mojawapo ya maeneo haya, tayari umepunguza bahari ikawa kisima.

Meli: matarajio ya kiasi

Kila mtu anataka jina la meli. Ukweli ni kwamba orodha za abiria wa kuingia bandari ya Quebec zimehifadhiwa kwa mfululizo kuanzia 1865 tu, na za Halifax kuanzia 1881. Kabla ya hapo hakuna mkusanyo kamili. Meli za mbao zilizopeleka magogo Uingereza zilirudi Kanada na watu kwa nauli ndogo, na hakuna aliyetakiwa kutunza majina yao huku.

Zipo orodha za pembeni. Kampuni ya J. & J. Cooke ya Londonderry iliandika abiria wake kuanzia 1847. Kisiwa cha Grosse Île kwenye Mto St. Lawrence kilikuwa kituo cha karantini kuanzia 1832, kipindupindu kilipoingia, hadi 1937. Mwaka 1847 pekee, homa ya chawa ilipowafuata waliokimbia njaa, zaidi ya watu 5,000 walizikwa pale. Maktaba ya Ottawa ina hifadhidata ya waliozaliwa, waliolazwa na waliofariki kisiwani. Itafute hata kama unaamini ukoo wako ulipita salama, maana huenda mtoto au mzazi ambaye hakuna aliyemtaja alibaki hapo.

Kumbuka pia majira. St. Lawrence huganda wakati wa baridi, hivyo aliyefika Januari alishukia Halifax, Saint John au Portland ya Maine, Marekani. Kwa waliosafiri kuanzia 1890, orodha za kutoka bandari za Uingereza na Ayalandi ziko Kew.

Ukiwa na parokia ya Uskoti

Upande huu una raha yake, maana karibu vyote viko mahali pamoja: tovuti ya ScotlandsPeople, inayoendeshwa na Nyaraka za Taifa za Uskoti, Edinburgh. Kutafuta kwenye faharasa ni bure, kufungua picha ya ukurasa kunalipiwa kwa krediti. Punguza matumizi kwa kubana utafutaji kwa parokia na miaka mitano kabla ya kubofya.

Uandikishaji wa serikali ulianza 1 Januari 1855, na ulikuwa wa kina ajabu. Cheti cha kifo kinataja baba na mama wa marehemu, mama akiwa na jina la kwao. Cheti cha ndoa kinataja wazazi wote wanne. Hata kama babu yako aliondoka 1832, hilo linakufaa: mtafute kaka au dada aliyebaki, aliyefariki baada ya 1855. Kifo chake kinakupa wazazi wa babu yako.

Kabla ya 1855 unategemea rejesta za zamani za parokia za Kanisa la Uskoti. Ya kale kuliko zote, ya Errol, inaanza 1553, lakini nyanda za juu na visiwani nyingi zinaanza mwishoni mwa karne ya 18 au hata ya 19. Zinataja ubatizo na matangazo ya ndoa. Maziko ni machache. Ndoa hutangazwa katika parokia ya mwanamume na ya mwanamke pia, kwa hiyo fungua maandishi yote mawili, maana moja laweza kutaja shamba au baba wa bibi harusi na lingine lisitaje. Mwaka 1843 kanisa liligawanyika na Kanisa Huru likajitenga, hivyo watoto kupotea ghafla baada ya mwaka huo si ajabu: familia imehama kanisa, si lazima imehama nchi.

Sensa za Uskoti zinaanza 1841. Katika hiyo ya kwanza, umri wa waliozidi miaka 15 ulishushwa hadi tano ya karibu, hivyo 25 ni mtu yeyote kati ya 25 na 29.

Majina ndiyo mtihani. Mac na Mc huandikwa ovyo, kwa hiyo tumia nyota: M*cDonald. Jina la Kigaeli Oighrig liliandikwa Effie, Euphemia, hata Africa. Ukikuta binti wa visiwani aliyeitwa Africa karne mbili zilizopita, ni yeye. Gilleasbuig ni Archibald, Donnchadh ni Duncan.

Upo pia utaratibu wa kurithisha majina: mwana wa kwanza jina la baba wa baba, wa pili la baba wa mama, wa tatu la baba mwenyewe, binti wa kwanza jina la mama wa mama, wa pili la mama wa baba, wa tatu la mama mwenyewe. Wakikuyu wa Kenya watautambua mara moja, ingawa kwao binti wa kwanza huchukua jina la mama wa baba. Utumie kama tochi ya kutafutia, usiutumie kama ushahidi. Familia ziliuvunja, na mtoto aliyekufa mchanga mara nyingi jina lake lilipewa anayefuata.

Ukiwa na kaunti na kitongoji cha Ayalandi

Tarehe 30 Juni 1922, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, jengo la nyaraka la Four Courts mjini Dublin liliteketea. Ziliungua sensa za 1821 hadi 1851, isipokuwa vipande vichache, pamoja na rejesta nyingi za Kanisa la Ayalandi, yaani la Kianglikana, na wosia. Sensa za 1861 hadi 1891 zilikuwa tayari zimeharibiwa na serikali yenyewe. Wengi husikia hayo wakakata tamaa. Wasikate: rejesta za Wakatoliki hazikuwa ndani ya jengo lile.

Hatua ya kwanza ni kuweka mahali sawa. Kipimo kidogo kabisa ni taunilandi, yaani kitongoji. Vitongoji hukusanyika katika parokia ya kiserikali, parokia katika baroni, baroni katika kaunti. Pembeni ya hivyo kuna parokia ya Kikatoliki, ambayo mipaka yake haifanani na ile ya kiserikali, na wilaya ya uandikishaji, ambayo yaweza kuvuka kaunti. Andika yote sita kwa kila mahali. Tahajia iliyopo kwenye jiwe la kaburi mara nyingi ni ya kusikia, kwa hiyo itafute kwenye logainm.ie, tovuti ya majina ya mahali, kwa kujaribu herufi zinazokaribiana. Jina moja laweza kuwa na vitongoji kumi na zaidi katika kaunti mbalimbali.

Hatua ya pili, tafuta jina la ukoo katika tathmini ya ardhi ya Griffith, iliyochapishwa kati ya 1847 na 1864, na katika vitabu vya zaka vya 1823 hadi 1837. Vyote ni bure mtandaoni. Vinaorodhesha wanaoshika ardhi, kitongoji kwa kitongoji, wala havisemi nani ni mtoto wa nani. Lakini angalia: watu wawili wenye jina moja wakiwa kitongoji kimoja, mara nyingi karani aliongeza jina la baba kwenye mabano ili kuwatofautisha. Mabano hayo ni kizazi kizima ulichopewa bure. Baada ya Griffith, vitabu vya marekebisho vilikata jina la aliyeondoka na kuandika la aliyemfuata kwa wino wa rangi nyingine, na mwaka pembeni. Kwa kaunti sita za kaskazini viko bure kwenye tovuti ya PRONI, ofisi ya nyaraka ya Belfast.

Hatua ya tatu, fungua rejesta za Kikatoliki kwenye registers.nli.ie, tovuti ya Maktaba ya Taifa ya Ayalandi, tangu 2015 bila malipo, hadi karibu 1880. Magharibi nyingi hazianzi kabla ya miaka ya 1820. Lugha ni Kilatini au Kiingereza: Jacobus ni James, Joannes ni John, Gulielmus ni William, Eugenius mara nyingi ni Owen. Bridget anaweza kuwa Biddy au Delia, Jeremiah ni Darby, na ile O ya mwanzo wa jina iliachwa na wengi katika karne ya 19. Usitafute mtoto mmoja. Tafuta wanandoa, kisha kusanya watoto wao wote. John na Mary wenye mwana Patrick wako kila mahali, lakini John na Mary wenye Patrick, Honora, Cornelius na Bartholomew kwa mfuatano uleule ulioko kwenye sensa yako ya Kanada ni familia moja tu.

Wapresbiteri na Waanglikana wa kaskazini watafute PRONI, na Waanglikana wengine katika maktaba ya Kanisa la Ayalandi, Dublin.

Hatua ya nne ni uandikishaji wa serikali: ndoa zisizo za Kikatoliki kuanzia 1 Aprili 1845, na vizazi, vifo na ndoa zote kuanzia 1 Januari 1864. Picha ziko bure kwenye irishgenealogy.ie, kaskazini hulipiwa. Tofauti na Uskoti ikae kichwani: cheti cha kifo cha Ayalandi hakitaji wazazi, na cha ndoa kinataja baba tu.

Mwisho ziko sensa za 1901 na 1911, zote kamili na bure, kwa ajili ya ndugu waliobaki. Wazee wengi wanaonekana wameongeza miaka 12 au 15 katika miaka kumi. Sababu ni pensheni ya uzeeni iliyoanza 1909 kwa waliofikisha 70. Kwa kuthibitisha umri, maofisa walipekua sensa za 1841 na 1851 kabla hazijaungua, na fomu za upekuzi huo zimebaki. Ni mojawapo ya madirisha machache yanayotazama nyuma ya moto wa 1922.

Kipimo cha DNA, na mipaka yake

Mpime mzee kabla ya kijana. Kila kizazi hupoteza nusu ya vinasaba vya mhenga. Asilimia za asili zinazochorwa kwenye ramani ni za kutazama tu; kinachofanya kazi ni orodha ya watu mnaoshiriki vinasaba, kwa kipimo cha sentimogani. Binamu wa kwanza hushiriki wastani wa takribani 850. Vilembwe wa wanandoa mmoja hushiriki wastani wa 70 hivi, na karibu mmoja kati ya kumi hashiriki chochote, kwa hiyo kutolingana hakumwondoi mtu kwenye ukoo.

Unaowataka ni wale ambao mababu zao hawakuondoka kijijini. Waandikie kwa ufupi: majina mawili, mahali, miaka, swali moja. Tahadhari moja kubwa ni Cape Breton, Newfoundland na visiwa vya Uskoti, ambako koo zilioana kwa vizazi. Huko mtu anaonekana ndugu wa karibu kumbe anashirikiana nawe kwa njia tano za mbali. Na kabla ya kumpima yeyote, mweleze wazi kwamba matokeo yanaweza kufichua mtoto wa nje ya ndoa au kuasiliwa kulikofichwa. Aamue mwenyewe.

Kabla ya kuliandika jina kwa wino

Dai lipite mitihani mitatu: umri, mahali, na angalau ndugu wawili wengine wanaolingana. Kisha jaribu kulivunja mwenyewe. Je, huyo mtoto aliyebatizwa hakufa mchanga? Je, hayumo kwenye sensa ya 1851 ya Uskoti, ilhali unamhesabu Ontario? Miti ya ukoo ya watu wengine mtandaoni itumie kama fununu, tena mmoja ukinakiliwa mara hamsini bado ni chanzo kimoja.

Ikiwa lengo ni uraia wa Ayalandi kupitia babu au bibi aliyezaliwa kisiwani humo, picha za mtandaoni hazitoshi. Agiza vyeti rasmi vya kila kizazi, pamoja na vya ndoa vinavyoeleza kubadilika kwa jina. Na ukipanga kwenda, chapisha ramani ya kitongoji pamoja na ukurasa wa Griffith wenye namba ya kiwanja, umwandikie paroko au kituo cha historia cha eneo wiki kadhaa mapema, na ukifika uulize kwa jina la kitongoji kwanza, jina la ukoo baadaye. Wenyeji watajua ni akina Murphy wa upande gani.